Bampa ya Shira

Jumatatu, 23 Julai 1973. Detroit.

Mwaka mmoja, miezi minne na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Nilimwambia Oleta wiki mbili.

Kazi ya leo ni ile ya Ijumaa. Navuta pande la chuma juu kwa mnyororo. Nasubiri. Naliachia. Linabembea, linapiga gari jipya matakoni. Wahandisi wanainama na rula zao. Mimi nafagia vioo. Mara arobaini na moja leo! Serikali imetaka gari likigongwa polepole, kwa mwendo wa mtu anayekimbilia basi, taa zisivunjike wala kitu kisipinde. Tangu hapo mji mzima unaumwa ugonjwa wa bampa. Mimi naumwa mgongo.

Barua ya Oleta. Habari kubwa! Baba yake, mzee Hobart, mwenye karakana ya magari kule kwetu Kentucky, anatafuta fundi. Yule wa zamani amehamia kwa binti yake Ohio. Hobart ametangaza hivi: shindano la kugongana magari, maonyesho ya kaunti, Jumamosi tarehe 11 Agosti. Gari litakalobaki linatembea wenzake wote wakiwa wamekufa, dereva wake ndiye atakayepewa nafasi. Anasema anayejua kulizuia gari lisife anajua na kulifufua.

Yaani nikishinda, narudi nyumbani. Moja kwa moja. Nitalala kitandani kwangu, na mke wangu, si kwenye chumba hiki na Verlin.

Maana kitanda cha pili ni cha Verlin, binamu yake Oleta. Tunafanya kazi banda moja, tunapanga nyumba moja, na leo kapokea barua ya Hobart yenye maneno yale yale. Akaisoma kwa sauti, makusudi. Akaniambia, "Shemeji, wewe leta maua tu. Gari lako litahitaji mazishi." Akacheka hadi akakohoa. Vizuri. Na akohoe.

Sheria za shindano ni mbili, nazijua tangu sijaota meno. Ya kwanza: kila dakika lazima umgonge mtu, ukikaa bure mwamuzi anakutaja kwa kipaza sauti nawe unakivunja kijiti kilichofungwa mlangoni mwako. Umetoka. Ya pili: pigo linahesabiwa likisikika kwenye meza ya pai za akina mama wa kanisa, hatua sitini kutoka uwanjani, kwa kuwa vumbi la Agosti halimruhusu mtu kuona kitu. Mwamuzi ni Hobart mwenyewe. Ameketi mezani hapo miaka kumi na tisa, pai ya tufaha mkononi, anasikiliza. Sheria nyepesi. Hazinisumbui.

Chini kabisa ya barua Oleta ameuliza betri huwekwa wapi kwenye magari ya shindano. Maskini! Ananiwazia hadi betri!

Jumatano, 25 Julai.

Nimepata wazo! Limenipata nikiwa nimeegemea ufagio.

Bwana Vandermolen, mhandisi mkuu wa banda letu, alikuwa akiwaeleza wageni. Mtu wa maneno machache, shati jeupe, kalamu nne mfukoni. Alisema watu wanadhani bampa nzuri ni ngumu. Si kweli. Bampa nzuri inakubali kushindwa, ila polepole. Nyuma yake kuna pistoni, pistoni inasukuma mafuta mazito yapite kwenye tundu dogo, mafuta yanachelewa, na kishindo kinafia njiani.

Mafuta mazito! Mimi nalala juu ya kitu kizito kuliko mafuta yote ya Detroit. Shira ya mtama ya mama mkwe, tamu na nzito kuliko asali. Mitungi sita chini ya kitanda. Januari nilihitaji kisu kuitoa.

Nikamfuata Vandermolen wakati wa chakula nikamwambia. Verlin alitemea kahawa yake kwenye kikombe. Vandermolen hakucheka. Aliwaza. Akasema kwenye baridi shira itakuwa jiwe na kwenye joto kali itakuwa maji, kwa hiyo ingefaa labda siku moja kwa mwaka. Aliuliza naitaka siku gani. Nikamwambia tarehe 11 Agosti. Akaandika kitu kwenye daftari, akasema basi huenda.

Siku moja ndiyo ninayoitaka! Nimeihesabu hiyo kuwa ni sifa.

Jumamosi, 28 Julai.

Nimenunua gari. Lina milango minne, mitatu inafunguka. Nimeokota mabomba mawili kwenye chuma chakavu, nikachomelea pistoni, nikatoboa matundu, nikajaza shira, nikafunga bampa nyuma. Nyuma, kwa sababu kule kwetu mwenye akili hugonga kinyumenyume ili rejeta isipasuke. Kazi safi. Mabomba yanavuja kidogo. Nyigu wa mtaa mzima wamekuja kutazama.

Jaribio la kwanza. Nilihitaji kitu cha kugonga. Nilichagua ngazi za Mama Kowalczyk, mwenye nyumba yetu, kwa kuwa zipo karibu.

Kosa dogo. Mitungi nilikuwa nimeihamishia kwenye friji yake tangu Jumatano, kwa ajili ya sisimizi. Shira ilikuwa jiwe, kama alivyosema Vandermolen. Kishindo hakikufia njiani. Kilifika. Kilipita ngazi, kikapita nguzo, kikafika hadi pipa la matango ya siki barazani. Matango mia mbili barabarani!

Mama Kowalczyk alisema mengi kwa lugha ya kwao. Kisha akasema kwa lugha yetu sote kwamba kama hiyo ndiyo dawa ya ajali, yeye atachukua ajali. Akaniamuru niyaokote matango moja moja na nisikanyage hata moja. Verlin alikaa ukutani akihesabu kwa sauti. Sitini na tatu, shemeji. Sitini na nne, shemeji.

Naye amenunua gari lake leo. Gari la zamani la kubebea maiti! Refu kama mwezi wa njaa. Alijilaza nyuma, akakunja mikono kifuani, akasema ananipimia nafasi.

Jumanne, 31 Julai.

Ngazi nimezitengeneza. Shira imekaa juani siku mbili. Jaribio la pili.

Mama Kowalczyk alikataa kuondoka barazani. Alisema safari hii atakuwepo, ili nikimuua nimuue nikimtazama. Akaweka glasi ya chai imejaa pomoni juu ya ngazi ya kwanza, akakunja mikono. Nikarudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayekimbilia basi.

Pffff.

Hivyo tu! Kama ng'ombe anayelala. Bampa iliingia taratibu, ikafikiri, ikatoka taratibu. Chai haikumwagika hata tone. Mama Kowalczyk alipiga ishara ya msalaba. Kisha akainywa chai. Kisha akaniomba nirudie. Nilirudia mara tisa, majirani wakaja na viti. Verlin alikuja na uso kama mtu aliyemeza kijiti.

Barua ya Oleta imefika. Anauliza mtu agonge kwa nyuma au kwa mbele, na milango ifungwe kwa waya au mnyororo. Anauliza na rejeta. Sijawahi kupendwa hivi. Nimemjibu kurasa nne! Nimemwambia yote: betri sakafuni upande wa abiria, ifungwe kwa mkanda. Milango mnyororo. Gonga kinyumenyume, lenga gurudumu la mbele la mwenzio. Dakika mbili za mwanzo kaa pembeni upige vipigo vidogo, waache wajinga wauane, halafu ingia. Ukurasa wa nne nimeeleza namna ya kufunga taruma la reli nyuma ya gari, mbao nene ile, ingawa hiyo ni njia ya kizamani na mimi siihitaji. Nilitaka tu ajue mumewe anajua mambo.

Ijumaa, 3 Agosti.

Banda zima sasa wananiita Nyuki. Kazi ya Verlin. Aliutundika mtungi mtupu kwenye mnyororo wangu wa pande la chuma. Mtungi mtupu! Maana yake kuna shira imeliwa. Nilimuuliza. Alisema aliipaka kwenye mkate, na ilikuwa tamu, na kwa hiyo anashukuru sayansi. Nimebaki na mitungi minne na nusu. Kwa kulipiza nimemfungia kengele ya ng'ombe chini ya gari lake la maiti, mahali asipoweza kupaona. Linapotembea watu wanatazama kama ng'ombe amefariki.

Saa sita mchana Vandermolen alikuja mwenyewe hadi uwanja wa Mama Kowalczyk, na rula yake. Aliisukuma bampa kwa mkono. Akaisukuma kwa kiatu. Akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Nyigu mmoja alimtembelea kwenye kola, hakujali. Alisema kitu hiki kinafanya kazi. Nilitaka kulia.

Kisha akauliza mtu anashindaje kule kwetu. Nikamwambia kwa kubaki. Akauliza mwamuzi anajuaje kwamba umegonga. Nikamwambia anasikia. Vandermolen aliitazama bampa muda mrefu sana. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniambia nikupe mkono, Bwana Ottis. Akanipa mkono, akaondoka. Mtu wa maneno machache, lakini moyo anao.

Ijumaa, 10 Agosti. Nyumbani!

Tumetoka kabla jua halijawa kali, Verlin mbele na kengele yake, mimi nyuma na nyigu wangu. Wengine walinisindikiza hadi Toledo. Saa tisa nzima tuko barabarani. Mgongo umekufa. Tulisimama mara moja tu, kula soseji na mkate, na mzee mmoja wa kituo cha mafuta alivua kofia kwa heshima ya marehemu. Verlin aliinamisha kichwa akapokea pole. Mjinga huyu!

Nilipoona mlima wetu nilipiga honi peke yangu kama mwendawazimu.

Oleta alinikumbatia hadi kofia ikaanguka. Mikono yake myeusi kwa grisi. Alisema ni ya kuku wa kukaanga. Kuku alikuwa mtamu kweli, pamoja na maharagwe na mkate wa mahindi, nimekula sahani tatu. Banda la nyuma limefungwa kufuli. Nikauliza kuna nini. Alisema kuna kitu nitakiona kesho, nisiharibu. Zawadi ya ushindi! Nimejifanya sijaelewa.

Hobart alipita jioni. Nilimwonyesha bampa. Alionja shira kwa kidole, akasema ya mke wangu hii. Akasema, "Mwanangu Ottis, nilikuwa nadhani unakwenda Detroit kujifunza chuma." Nikamwambia asubiri kesho. Alisema anasubiri tangu harusi.

Jumamosi, 11 Agosti.

Nitaandika yote, bila kuficha.

Magari kumi na tisa. Lori la maji lililotakiwa kulowanisha uwanja liliharibika, vumbi hadi mbinguni. Mimi namba kumi na nne. Oleta hakuonekana viti vya mbele. Nilidhani ameshindwa kunitazama kwa wasiwasi.

Dakika mbili nikakaa pembeni, kama nilivyoandika, vipigo vidogo vidogo tu. Kisha nikaingia. Nikarudi nyuma kwa nguvu zote kwenye gari la bluu. Pffff. Nikamgonga wa gari jekundu. Pffff. Nikamgonga wa bluu tena. Shingo yangu haikutikisika! Ningeweza kunyoa ndevu mle ndani. Joto lilikuwa lile lile nililolitaka, shira imelainika sawasawa, kila pigo linafia njiani kama sala. Nikasema moyoni, Ottis, leo umewaweza.

Kipaza sauti kikasema, "Namba kumi na nne, sijakusikia. Vunja kijiti."

Nikajifanya kiziwi. Nikamgonga mwingine. Pffff.

Hobart akasema, "Ottis Wayne, hata mezani hapa kijiko hakijatikisika tangu uzaliwe. Vunja."

Akitaja majina mawili ameshakasirika. Nikavunja.

Lakini sikutoka peke yangu! Verlin, kwa roho yake mbaya, alikuwa amejipanga kuniua mimi tangu mwanzo. Alinigonga mara tano na gari la maiti, zote kwenye bampa. Zote pffff. Kengele ya ng'ombe peke yake ndiyo iliyolia. Kipaza sauti kikasema namba tisa naye avunje, na kama kuna mtu ameleta mifugo uwanjani aitoe. Verlin alivunja kijiti chake mara tatu kwa hasira. Tukakaa kwenye uzio pamoja, magari yetu mazima, hata taa hazikupasuka, wawili wa kwanza kutoka. Aliniambia, "Shemeji, umeniponza kwa ulaini." Mwaka mzima hajanena jambo la kweli kama hilo.

Nikaenda mezani kudai haki. Nikamwambia Hobart gari langu linatembea, na sharti lilikuwa gari linalotembea. Akakata kipande cha pai. Akasema hata kanisa lile linasimama bado, mwanangu, lakini halikushindana.

Hapo ndipo pai zikaruka.

BUUUM! Sahani zote juu kwa pamoja. Akina mama wakashika vitambaa. BUUUM! tena. Gari la kijani, lenye taruma la reli limefungwa nyuma kwa minyororo, lilikuwa likipita uwanjani kinyumenyume kama mwisho wa dunia. Linalenga magurudumu ya mbele. Dereva anajua kazi! Mwekundu akafa. Wa bluu akafa. Wakabaki wawili, kisha mmoja. Nikamwambia Verlin huyu kafundishwa na mtu mwenye akili. Verlin alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Vumbi likatua. Dereva akatoka dirishani, akavua helmeti. Nywele zikaanguka mabegani.

Oleta.

Betri sakafuni upande wa abiria, imefungwa kwa mkanda. Milango mnyororo. Rejeta haina hata mkwaruzo. Kurasa zangu nne zilikuwa zimebandikwa kwenye dashibodi kwa gundi, ukurasa wa nne juu.

Hobart alisimama. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba yeye alisema dereva, hakusema mwanamume. Fundi mpya wa karakana ni binti yake. Watu walipiga kelele hadi nyumbu wa mikokoteni waliofungwa nje wakajibu. Mimi nilipiga kelele kuliko wote, nakiri. Machozi pia. Vumbi lile.

Jumapili, 12 Agosti.

Kanisani kila mtu alinipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyeshinda. Verlin aliketi benchi la nyuma, kengele ameipata, ameiweka mfukoni, kila tukisimama kuimba inalia.

Baada ya chakula Oleta alinikalisha barazani. Alisema hivi, nanukuu kadiri ninavyokumbuka. Karakana ina kazi za watu wawili. Anahitaji msaidizi. Baba yake asubuhi hii alilitoa lori la kuvuta magari mabovu, akaligongesha taratibu kwenye bampa yangu mara kumi na mbili, akitabasamu peke yake. Bibi wa posta ameshaomba iwekwe kwenye gari lake, maana kila Jumatatu anagonga ukuta wa ofisi. Shira ipo tele. Majira ya baridi tutatafuta kitu kingine cha kujaza. Kitanda kipo. Jumatatu, saa moja asubuhi. "Usichelewe, mume wangu," alisema. "Bosi wako mkali."

Kila kitu nilichoombea mwaka mmoja, miezi minne na zaidi! Mbele yangu, mezani, pamoja na chai ya barafu.

Lakini mimi si mtu wa kukurupuka. Usiku nilikuwa nimeshagundua kasoro. Bampa ni nzuri, tatizo ni ukimya! Inatakiwa bampa inayolainisha pigo lakini inapiga kelele. Nimeshaichora nyuma ya karatasi ya nyimbo: vibao viwili vya chuma, springi, na mfuniko wa sufuria kubwa. Ukigonga, mwili hausikii kitu, meza ya pai inasikia yote. Shindano la mwaka ujao tayari limekwisha! Ila haiwezekani kuipima hapa. Pande la chuma liko Detroit. Vandermolen yuko Detroit. Akiona mchoro huu atavua miwani tena.

Nikamweleza Oleta. Nikamwambia anihifadhie nafasi, ni jambo la muda mfupi tu.

Akauliza muda gani.

Nikasema wiki mbili.

Alinitazama. Akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa kona ya aproni, akanishika uso kwa mikono yake miwili ya grisi akanibusu kwa nguvu. Akaenda kunifungashia. Maharagwe mitungi minane. Shira mitungi sita. Salamu kwa Mama Kowalczyk, na ujumbe kwamba asikipangishe kitanda changu. Sijui kwa nini amesema hivyo. Na kwenye kiti cha nyuma ameweka blanketi la sufu, soksi nene jozi nne na koti langu la theluji. Agosti! Mwanamke anashinda magari kumi na manane lakini majira ya mwaka yanamchanganya.

Verlin anapiga honi. Nitafika nyumbani Jumapili tarehe 26, kabla ya chakula cha mchana.